Niliionja Nikidhani ni Divai

Nyie, tone la damu lilidondoka kutoka darini likatua katikati ya sahani yangu ya viazi.

Na mimi nikalionja.

Subirini, msinitukane bado. Nilidhani ni divai!

Kwetu kitu chekundu kikivuja darini hakuna mtu anayewaza damu. Kila nyumba ina mtungi wa divai ya mjomba fulani, na kila mtungi una siku yake ya kupasuka. Kwa hiyo nikachovya kidole, nikalamba, nikajiandaa kumpigia kelele mama mwenye nyumba kule juu kwamba mali yake inapotea.

Haikuwa na ladha ya divai.

Ilikuwa na ladha ya funguo.

La pili likatua kwenye glasi. La tatu likaniangukia mkononi, na lilikuwa na uvuguvugu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nikiendelea kwa kiherehere hiki mtapotea njiani.

Mimi naitwa Manda. Kwetu ni Metković, kwenye mashamba ya machenza. Nasoma chuo Dubrovnik, na mwanafunzi wa Dubrovnik maisha yake ni mafupi: Oktoba unapangishwa, Mei unatimuliwa. Kiangazi nyumba ni za watalii. Msimu wa baridi, watalii wakishaondoka na kuta zikaanza kuota ukungu, ndipo wanatukumbuka sisi.

Mimi nikapata apatimenti Mji wa Kale kabisa, ndani ya kuta za ngome. Nyumba ya mawe, imesimama hapo tangu enzi za mababu wa mababu. Nikapiga picha ya ngazi, nikaitupia mtandaoni, marafiki zangu wakafa kwa wivu.

Walichokuwa hawajui ni hiki. Samani zilikuwepo zote, lakini samani za mtalii. Kabati zima la glasi za divai. Vifungua chupa vya kila aina. Picha za maua ya zambarau kila ukuta. Na sufuria moja, hiyo moja tu, ambayo ukichemsha yai maji hayana pa kukaa.

Kipasha joto kilikuwepo, kimepigiliwa juu karibu na dari. Na dari yangu ilikuwa ni sakafu ya mwenye nyumba. Mbao tupu, za zamani, zina nyufa za kupitisha kidole. Joto langu lote lilikuwa linapanda kwake, mimi nimekaa chini na koti, kofia na soksi tatu.

Mwenye nyumba ni gospa Jele.

Gospa ndiyo heshima ya huku, kama unavyosema mama au bibi. Ana miaka themanini na nne, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, rangi ya midomo haimtoki hata akienda kutupa takataka.

"Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "usipigilie msumari, usisogeze kabati, na Mei ikifika nisikuone."

"Sawa bibi."

"Na ukisikia kelele juu, ni Stijepo. Yule ni ng'ombe, hajui kutembea."

Stijepo sasa. Bonge la mtu. Zamani alikuwa golikipa wa mpira wa majini, mikono kama makasia. Hakuwa mwanawe wala ndugu yake. Alikuwa na mkataba wa matunzo.

Huo mkataba huku ni kitu cha kawaida kabisa. Mzee hana watoto, ana nyumba. Wewe huna nyumba, una nguvu. Mnaandikishana: unampikia, unamwogesha, unampeleka hospitali, na siku akifa nyumba inakuwa yako. Ukichoka ukaondoka mwenyewe, umepoteza vyote. Ukifa wewe kwanza, pole yako.

Stijepo alikuwa anamngoja gospa Jele afe kwa miaka tisa.

"Bado yupo?" watu walikuwa wanamtania akipita na mifuko ya sokoni.

"Huyu atanizika mimi," anajibu, anacheka.

Mimi na mtaa mzima tukawa tunacheka naye. Kumbe.

Desemba ikaingia na jugo.

Jugo ni upepo wa kusini, mzito, una unyevu. Mawingu yanashuka mpaka kwenye vigae, kichwa kinauma, shuka hazikauki, kila mtu ana hasira na hajui ya nini. Watu wa hapa wana tabia moja: lililotendeka kwenye jugo halihesabiwi. Umemtukana shemeji? Jugo. Umemzaba mumeo kofi? Jugo. Upepo ukigeuka, mnakunywa kahawa pamoja kama vile hakuna kilichotokea.

Basi, jugo ikaanza, na juu kwangu zikaanza kelele.

Kwanza sauti ya gospa Jele. "Ananiua! Mnyama huyu ananiua!"

Halafu mshindo. Du. Du. Du.

Nikafungua dirisha. Kichochoro chetu ni chembamba, ukinyoosha mkono unampa jirani chumvi. Jirani ni gospa Lukre, mjane, ana apatimenti za wageni kwenye ghorofa zote isipokuwa jikoni kwake.

"Gospa Lukre, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Huko juu! Anasema anauawa!"

"Ni jugo, mwanangu." Alikuwa anamenya vitunguu, hata macho hakuinua. "Mimi kwenye jugo nilimrushia marehemu mume wangu chungu cha maharage. Kinachemka! Na tuliishi vizuri tu."

"Na hiyo mishindo?"

"We mtoto umetoka wapi? Hii si Desemba? Anapiga bakalar."

Nikaona aibu. Kweli bwana, bakalar! Mkesha wa Krismasi bila bakalar si mkesha. Ni samaki amekaushwa mpaka amekuwa ubao, humpiki kabla hujamtwanga kwa nyundo ya mbao na kumloweka. Desemba yote mji mzima unagonga. Hata mimi nilikuwa naye mmoja, mama alinitumia kwa basi, mrefu kama mkono wangu, nimemsimamisha nyuma ya mlango nikisubiri kupata wa kumtwanga.

Nikafunga dirisha, nikasema Manda acha umbea.

Kesho yake mishindo tena. Kesho kutwa tena.

Nikakutana na gospa Jele kwenye ngazi. Jicho moja jeusi tii, limevimba mpaka limefumba.

"Bibi! Umefanyaje?"

"Nimejigonga kabatini."

"Kabati gani linapiga hivyo?"

Akanishika shavu kwa vidole vya baridi. "Mwanangu, siku nikinyamaza, ndiyo upande. Umenielewa? Nikinyamaza."

Nyie, nilirudi chumbani nikajifungia.

Nikampigia mama simu. Mama akasema hama. Nihamie wapi Desemba? Nikamfuata Stijepo kwenye ngazi, nikajikaza, nikamwambia, "Kaka Stijepo, nasikia kila kitu kule chini."

Alishtuka. Yule pandikizi la mtu alishtuka kabisa. Alikuwa amevaa kofia ya sufu imeshuka mpaka shingoni.

"Unasikia nini?"

"Nasikia unavyogonga."

Akaniangalia muda mrefu. Akaivuta kofia ishuke zaidi.

"Ni bakalar," akasema, akapanda zake.

Mimi nikajua kimenuka. Yule bibi atakufa, na mtaa mzima utasema upepo.

Sasa turudi kwenye viazi vyangu.

Ilikuwa mchana, nimekaa nakula. Juu kuna ugomvi, kama kawaida. Halafu mshindo mmoja, mzito, tofauti. Halafu kitu kikubwa kikaburutwa. Halafu tone.

Halafu kimya.

Siku nikinyamaza, ndiyo upande.

Sikuwaza, wallahi. Nilitoka mbio, na kitu cha kwanza mkono ulichokutana nacho nyuma ya mlango ni bakalar wa mama. Nikapanda ngazi mbili mbili na samaki mkononi.

Mlango ulikuwa wazi.

Gospa Jele alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye jiko, aproni yote imelowa damu mpaka magotini. Mbele yake, amenipa mgongo, Stijepo. Amesimama. Nyundo ya mbao mkononi.

Nikampiga.

Nilimpiga kisogoni kwa nguvu ya familia yetu yote. Bakalar hakuvunjika. Stijepo aligeuka taratibu, akaniangalia, akasema, "Manda?" Kama vile nimekuja kunywa kahawa.

Nikampiga tena. Kwenye paji, kwa upande mwembamba.

Alianguka kama kabati. Njiani kichwa kikakutana na kona ya meza, na ile sauti mpaka leo nikivunja yai naisikia.

"Bibi, amka! Twende! Amka bibi!"

Akaamka.

Tena hakuamka kama mzee. Aliinuka kama msichana aliyeitwa dansini. Akajifuta mikono kwenye aproni, akainama, akaivuta nyundo kutoka kwenye vidole vya Stijepo kimoja kimoja.

"Bravo, mwanangu," akasema. "Sasa sogea."

"Nini?"

"Sogea pembeni nimalizie. Huyu akiamka atasema."

Ndipo nikamtazama vizuri. Hana jeraha. Hata mkwaruzo. Nikamtazama Stijepo: kofia imevuka, na chini yake kichwa chote ni makovu, mengine mabichi, na sikio moja limechanika nusu linaning'inia, damu inatiririka shingoni, inafuata ufa wa mbao, inashuka kwangu.

Damu yote ilikuwa ya kwake.

Stijepo alikuwa amemnyang'anya bibi nyundo. Basi. Hicho ndicho nilichokikuta, nikamaliza kazi kwa samaki.

"Bibi, wewe ndiye..."

"Akifa yeye kwanza, nyumba inabaki yangu." Aliongea kama anayenielekeza jinsi ya kuwasha kipasha joto. "Miaka tisa ananiangalia kila asubuhi kama napumua. Unajua ilivyo, mtu kukuchungulia kama unapumua? Kuna Mjerumani anataka nyumba yote, juu na chini. Anangoja mimi niwe huru. Sogea."

Akashusha nyundo.

Ilimpata Stijepo kwenye mfupa wa bega. Ka! Alilia bila kufumbua macho.

Nikamrukia bibi wa watu. Naomba mnielewe, nilikuwa namkaba bibi wa miaka themanini na nne, na alikuwa ananishinda. Akanitwanga nyundo kwenye kifundo cha mkono, nikasikia kimevunjika kabla sijasikia maumivu. Nikamkumbatia kiunoni kwa mkono uliobaki. Akaning'ata. Meno yote anayo, sijui anakula nini! Akaniburuta na mimi nimeng'ang'ania, anamfuata Stijepo kama mtu anayemfuata kuku.

Mateke. Nyundo ikapiga kiti, kiti kikapasuka. Ikapiga sakafu karibu na sikio la Stijepo, lile lililobaki zima.

Nikamvuta mpaka dirishani, nikalisukuma kwa kichwa.

"Gospa Lukre! Nisaidieni! Anaua mtu! Anaua!"

Dirisha la ng'ambo likafunguka. Gospa Lukre, na kitunguu chake.

"Jugo, mwanangu, jugo! Fungeni hilo dirisha, mnaingiza unyevu!"

Pa. Akafunga.

Madirisha mengine yalikuwa yamefungwa, lakini nyuma ya kila ubao kulikuwa na mtu. Niliona vivuli. Walikuwa wanasikiliza. Hakuna aliyetoka.

Gospa Jele akacheka, pumzi zimemwishia, rangi ya midomo imesambaa mpaka kidevuni. "Umeona? Piga kelele mpaka Pasaka."

Akanipiga kiwiko cha pua. Macho yakajaa nyota. Mkono wangu ukateleza kwenye aproni, kwenye ile damu, na nikajua nikimwachia tu, mtu anakufa. Na aliyemlaza pale kwa ajili ya kufa ni mimi.

Hapo akili ikaja. Sijui ilitoka wapi.

Nikajaza mapafu, nikapasua koo:

"BOMBA LIMEPASUKA! MAJI YANASHUKA! YANAINGIA KWENYE APATIMENTI ZENU!"

Kimya kidogo.

Halafu madirisha. Pa! Pa! Pa! Juu, chini, kushoto, kulia.

"Bomba la wapi?"

"Kwa Jele!"

"Mungu wangu, sakafu yangu mpya!"

"Fungeni maji! Nani ana ufunguo wa maji?"

Ngazi zikatetemeka. Walikuja na ndoo, na matambara, na beseni, mmoja na spana mkononi, mwingine povu la kunyolea bado liko shavuni. Wa kwanza kabisa alikuwa gospa Lukre na ndala zake, mjane mwenye magoti mabovu, amewapita wote.

Akaingia. Akatazama sakafu. Akamtazama Stijepo kwenye dimbwi la damu, akanitazama mimi ninavyovuja pua, akamtazama gospa Jele ameshika nyundo juu.

"Maji yako wapi?" akauliza.

Nawaapia. Ndicho alichouliza.

Nyundo ikaanguka. Gospa Jele akaketi kwenye kiti kilichobaki, na kwa kufumba na kufumbua akawa na miaka mia. Mikono ikaanza kutetemeka. "Ameniua," akalia kwa sauti ya kitoto. "Mnyama huyu ameniua."

Gari halifiki Mji wa Kale. Wahudumu walimbeba Stijepo kwenye machela kichochoro kwa kichochoro mpaka langoni, na mimi nyuma na mkono wangu umefungwa na mtandio wa gospa Lukre, ambao alinikumbusha mara mbili niurudishe.

Hospitali akaja askari. Kijana mpole, ana mafua.

Nikamwambia yote. Akaandika, akaacha kuandika.

"Ngoja. Bibi wa miaka themanini na nne alimpiga golikipa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulimpiga nani?"

"Golikipa."

"Kwa nini?"

"Nilidhani anampiga bibi."

"Kwa kitu gani?"

"Bakalar."

Alipiga chafya, akaniangalia kwa huruma. "Dada, mpaka sasa aliyekiri kumpiga mtu ni wewe peke yako. Mimi namsubiri mgonjwa aamke. Atakachosema ndicho nitakachoandika."

Basi kesi yangu yote ikawa mdomoni kwa mtu niliyempasua kichwa.

Aliamka jioni. Kichwa chote bandeji, bega limefungwa, sikio limeshonwa. Askari akamwuliza nani alimfanyia vile.

Stijepo akanitazama.

"Nilianguka kwenye ngazi," akasema.

"Na makovu ya zamani?"

"Ngazi ni za zamani."

Askari alipotoka nikavuta kiti.

"Kaka Stijepo, kwa nini hukusema? Muda wote huu!"

"Nimwambie nani? Watu wananijua mimi. Nilikuwa nadaka mpira unaokuja kama risasi. Niende kituoni niseme bibi ananipiga?"

"Ungeondoka!"

"Niondoke miaka tisa? Nina nini kingine? Halafu nilimpiga. Lile jicho. Alinimwagia mafuta ya moto mgongoni, nikageuka nikampiga. Mara moja. Baada ya hapo nikaona sina tena haki ya kulalamika. Na yeye akajua."

Nililia tu, kwa sauti, mpaka nesi akaja kuniambia ninyamaze au nitoke.

Alipotoka hospitali hakurudi. Akaenda kwa dada yake nje ya mji, akauacha mkataba, nyumba, kila kitu. Siku anaondoka alinipigia simu kuniambia amelala usiku kucha bila kuamka. Alilisema kama mtu aliyepata zawadi.

Mimi nikaenda kuchukua vitu vyangu. Upepo ulikuwa umegeuka, mbingu safi, baridi kavu, mji mzima umeanika shuka.

Gospa Jele akanisimamisha kwenye ngazi. Nywele zimesukwa, midomo myekundu.

"Mwanangu, ulikuwa na hasira kidogo siku ile. Lakini una mkono mzuri." Akanishika shavu. "Yule Mjerumani mwizi, amepunguza bei. Njoo tuandikishane mimi na wewe. Juu na chini. Unipikie tu. Nitaishi muda gani tena mimi?"

Nilicheka. Halafu nikaona hatanii.

Nikabeba sanduku kwa mkono mmoja, nikashuka mbio. Mlangoni nikagongana na gospa Lukre. Ameweka nywele dawa, amevaa hereni, ameshika sahani ya keki imefunikwa na kitambaa cheupe. Nyuma yake kijana wake mkubwa, amepiga tai. Nyuma ya kijana wake, yule mwenye spana na mkewe, nao wana keki yao.

Wote walikuwa ndani ya kile chumba. Wote waliona.

"Yupo?" gospa Lukre akaninong'oneza.

"Yupo."

"Ana hali gani? Anapumua vizuri?"

Nikawapisha wapande.

Sasa wapenzi wasomaji, somo langu. Ukisikia mtu analia ukutani kwako, nenda kagonge siku ile ile ya kwanza. Usiulize hali ya hewa, usimuulize jirani mwenye mali ya kulinda. Na ukishafika, kwa jina la Mungu, simama kwanza mlangoni uangalie damu ni ya nani, kabla hujainua mkono.